Mtaalamu Mshauri na Darasa la Chanika: Uhakiki wa Fundisho la Salamanca juu ya Elimu Maalumu

Kuanzia tarehe 7 hadi 10 Juni 1994, wajumbe wa serikali 92 na wa mashirika 25 ya kimataifa walikutana katika mji wa Salamanca, nchini Hispania, kwa mwaliko wa UNESCO na serikali ya nchi hiyo. Walitoa tamko fupi juu ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, na pamoja nalo mwongozo mrefu wa utekelezaji. Maandiko hayo mawili yamezaa mengi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Na tangu mwaka 2009 wizara inayohusika na elimu imekuwa ikitoa mikakati ya taifa ya elimu jumuishi, mmoja baada ya mwingine. Msomaji mtulivu husikia sauti ya Salamanca katika maandiko hayo yote.

Makala haya yanakusudia kuhakiki sehemu moja tu ya fundisho lile, nayo ni ile ihusuyo wataalamu washauri: watu wenye ujuzi wa pekee ambao hawakai na darasa moja, bali huenda shule hata shule kumsaidia mwalimu wa kawaida kumfundisha mtoto mwenye ulemavu. Tumeichagua sehemu hiyo kwa kuwa uzito wote wa jengo umeegemea hapo. Mtoto mwenye uoni hafifu akiandikishwa katika shule ya kawaida pasipo msaada, hajajumuishwa bado. Amewekwa tu mahali penye watu wengi. Tofauti kati ya kujumuishwa na kutelekezwa hutegemea kama yuko mtu ajaye kumsaidia mwalimu wake, na akija, anafanya nini.

Tunalihakiki fundisho hili tukiitazama Chanika. Chanika ni kata ya mji wa Handeni, katika nchi ya Wazigua, mkoani Tanga. Kutoka hapo hadi Korogwe kwa barabara ya lami ni kilomita 65 hivi. Ukitaka kufika Irente, penye shule ya wasioona ya Kanisa letu, huna budi kupita Korogwe, kisha Mombo, ndipo upande milima ya Usambara. Chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi kiko mbali zaidi, Meru, mkoani Arusha. Maandiko yaliyotungwa kwa ajili ya ulimwengu mzima hupimwa vizuri zaidi mahali pa namna hii kuliko katika ukumbi wa mikutano.

Mwongozo unasema nini

Haki ya kwanza ya maandiko yoyote ni kusomwa kama yalivyo. Mwongozo wa Salamanca hausemi, kama wengine wanavyodhani, kwamba watoto wote wapelekwe shule za kawaida na shule maalumu zifungwe. Unasema kwamba shule ya kawaida ndiyo iwe kanuni, na kutengwa kuwe jambo la nadra lenye sababu. Unazitaka shule maalumu ziwe chemchemi ya ujuzi kwa shule zilizo jirani nazo, zikiwatuma walimu wake nje. Unataka vyuo vya ualimu vishiriki kazi hiyo. Unawataja walimu washauri, wanasaikolojia wa elimu, wataalamu wa matamshi na wa tiba ya viungo, na kuagiza kwamba huduma zao ziratibiwe mahali penyewe, si makao makuu. Unapendekeza pia shule zilizo karibu zifungwe pamoja katika makundi, ili zitumie kwa ushirika wataalamu na vifaa vichache vilivyopo.

Katika hayo tunaona mambo mawili ya kusifiwa. Kwanza, mwongozo umelihamisha swali. Zamani tuliuliza, "Mtoto huyu ana kasoro gani hata asiweze kusoma hapa?" Mwongozo unauliza, "Shule hii imepungukiwa na nini hata isiweze kumfundisha?" Hilo ni badiliko la moyo, nasi tuhubirio toba hatuna budi kulitambua. Pili, mwongozo umekataa ujuzi ufungiwe ndani ya ua. Shule maalumu yenye walimu hodari, ambayo mwalimu wa kijiji jirani hajawahi kufundishwa lolote nayo, ni taa chini ya pishi.

Yaliyodhaniwa na yasiyosemwa

Hata hivyo, andiko lolote hubeba ndani yake nchi lilikotoka. Ile orodha ya mwanasaikolojia, mtaalamu wa matamshi na mtaalamu wa tiba ya viungo imetoka katika nchi ambako watu hao wapo, wanalipwa, na wanaweza kufika shuleni kwa gari asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Huko, swali la utaratibu ni jinsi ya kuwapanga wataalamu wengi wasigongane. Chanika swali ni jinsi ya kumpata mmoja, na akiisha kupatikana, atakwendaje mashuleni.

Nchi jirani zililiona jambo hili mapema. Kenya ilianza mwaka 1984, miaka kumi kabla ya Salamanca, kuweka vituo vya upimaji na nyenzo za elimu katika wilaya, kwa msaada wa Denmark. Mzazi alimpeleka mtoto kituoni apimwe kusikia, kuona, viungo na uelewa; mwalimu mtaalamu wa kituo ndiye aliyeshauri mtoto asome wapi na kwa namna gani. Uganda ilifuata njia iliyofanana na hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zanzibar, ambako neno linalotumika ni elimu mjumuisho, ilianza mwaka 2004 na shule chache za majaribio. Huku Bara tulijenga zaidi kwa njia ya shule maalumu na vitengo ndani ya shule za kawaida, huku walimu wachache wakizunguka kuwatembelea wanafunzi wasioona.

Ukilinganisha njia hizo utaona kwamba tatizo lao ni moja, na ndilo ambalo mwongozo wa Salamanca haukulizungumza vya kutosha. Ni tatizo la siku zilizo katikati. Tuseme mtaalamu anafika shule moja ya Chanika mara moja kwa mwezi. Ametumia saa mbili pamoja na mtoto na mwalimu. Ameondoka. Zimebaki siku ishirini za masomo kabla hajarudi. Katika siku hizo ishirini mtoto yuko mikononi mwa mwalimu wa darasa, ambaye tangu mpango wa elimumsingi bila malipo ulipoanza mwaka 2016 amepokea wanafunzi wengi kuliko kile kiwango cha 45 kilichowekwa kwa darasa moja. Kama zile saa mbili hazikubadili kitu katika siku ishirini, basi ziara ile ilikuwa desturi tu, kama baraka itamkwayo bila kumtazama abarikiwaye.

Hapa sheria yetu nayo inastahili kusomwa kwa makini. Sheria ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inaelekeza mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale mawasiliano ya pekee yanapohitajika. Inampa pia haki ya huduma za msaada kutoka kwa mwalimu mwenye sifa, au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Tuliangalie neno hilo "au". Kwa neno hilo, mwalimu mkuu anaweza kumteua mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, akaandika jina lake katika taarifa, na sheria ikawa imetimizwa. Hatusemi kwamba watunga sheria walikusudia hivyo. Pengine walitambua uhaba wa walimu, wakataka kuacha mlango wazi. Lakini mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya dharura huzoeleka ukawa njia kuu. Mtu aliyepangiwa kazi pasipo kufundishwa hawi mshauri wa mwenzake. Wote wawili wanapapasa.

Si kila mtoto huhitaji msaada wa namna moja

Udhaifu wa pili uko zaidi katika namna tunavyoutumia mwongozo kuliko katika mwongozo wenyewe. Tumezoea kusema "watoto wenye ulemavu" kana kwamba ni kundi moja lenye haja moja. Mtaalamu anayezunguka ana manufaa makubwa kwa baadhi yao, na manufaa madogo sana kwa wengine.

Mfikirie mtoto mwenye uoni hafifu. Mara nyingi huhesabiwa kuwa kipofu, akafundishwa maandishi ya nukta nundu ambayo huyasoma kwa macho badala ya vidole. Mtaalamu akimpima vizuri, ataweza kumwambia mwalimu amketishe mbele, aandike ubaoni kwa herufi kubwa, asome kwa sauti kila anachokiandika, na amtafutie mtoto miwani au lenzi ya kukuzia. Mtoto mwenye ualbino atahitaji zaidi ya hapo kofia, mikono mirefu na nafasi mbali na dirisha lenye jua kali. Ushauri huu hutolewa kwa siku moja na kutumika mwaka mzima. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mwenye kifafa, ambaye mwalimu wake anahitaji kujua la kufanya mtoto anapoanguka, na la kuwaambia wanafunzi ili wasimkimbie. Na kwa mtoto anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, ambaye haja yake kubwa ni njia ya mteremko mahali pa ngazi, na choo anachoweza kuingia.

Mtoto asiyeona kabisa yuko mahali pagumu zaidi. Nukta nundu hazifundishwi kwa ziara ya mwezi. Mtoto huyo anahitaji miezi mingi ya mazoezi ya vidole, mashine ya kuandikia, karatasi nzito, na mwalimu anayeweza kusahihisha kazi yake leo, wala si mwezi ujao.

Mtoto kiziwi yuko mahali pagumu kuliko wote. Anachokosa ni lugha. Lugha haifundishwi na mshauri, lugha huishiwa. Mtoto kiziwi akiwa peke yake kati ya wanafunzi themanini wanaosikia, ingawa mtaalamu wa Lugha ya Alama atamtembelea kila Ijumaa, atakaa siku sita nyingine katika ukimya. Mwongozo wa Salamanca wenyewe ulikiri jambo hili, ukasema kwamba kwa viziwi, na kwa viziwi wasioona, shule au madarasa maalumu huenda yakafaa zaidi. Sheria yetu nayo imeweka ile isipokuwa ya mawasiliano. Kwa hiyo anayetumia jina la elimu jumuishi kudai kwamba shule za viziwi zimepitwa na wakati hakuusoma mwongozo hadi mwisho. Kanisa letu, lenye shule ya viziwi huko Mwanga katika Kilimanjaro na nyingine huko Njombe, lina sababu njema ya kuzitunza.

Haruni na Siba

Tumetazama maandiko ya mataifa. Sasa tuyatazame Maandiko Matakatifu, maana wasomaji wa kurasa hizi watasimama mimbarani, na wengi wao watahubiri juu ya ulemavu kana kwamba Biblia inajua habari za uponyaji peke yake. Biblia inajua pia habari za msaidizi.

Musa alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito (Kut. 4:10). Wahubiri wengi husema kwamba hiki kilikuwa kisingizio. Sisi tunaona kwamba hata kama kilikuwa kisingizio, jibu la Mungu halikukanusha ule uzito. Mungu alisema kwamba yeye ndiye aliyefanya kinywa cha mwanadamu, akawataja bubu, kiziwi, mwenye kuona na kipofu kwa pumzi moja (4:11). Hakuuponya ulimi wa Musa. Hakumwondolea wito wake. Alimpa Haruni, ndugu yake, ambaye tayari alikuwa njiani kuja kumlaki (4:14). Mpango wa kazi ukawekwa wazi: Musa ataweka maneno kinywani mwa Haruni, na Mungu atakuwa pamoja na vinywa vyote viwili, atawafundisha wote wawili la kufanya (4:15). Fimbo ikabaki mkononi mwa Musa (4:17).

Hapa tunajifunza kanuni tatu za msaada. Msaidizi huja kwa mwenye haja. Mwenye haja haondolewi mahali pa wito wake ili akamfuate msaidizi. Mamlaka ya neno hubaki kwa yule anayesaidiwa. Tena, wote wawili ni wanafunzi wa mwalimu mmoja. Tukisoma mbele zaidi tunaona la nne: kitabu cha Kumbukumbu la Torati chaanza kwa kutangaza kwamba hayo ndiyo maneno aliyoyanena Musa mwenyewe kwa Israeli wote. Mtu aliyesema hawezi kunena alimaliza safari yake kwa hotuba ndefu kuliko zote katika Torati. Msaada wa kweli hupungua kadiri msaidiwa anavyoongezeka.

Lakini Maandiko hayatuachi tumfanye Haruni kuwa malaika. Musa alipokawia mlimani, yule mwenye kinywa chepesi aliwasikiliza watu akawatengenezea ndama (Kut. 32). Ufasaha uliotengana na yule uliyewekwa kumtumikia ulizaa sanamu. Mtaalamu anayefanya kazi pasipo kumsikiliza mtoto, mzazi na mwalimu huweza naye kutengeneza ndama: taarifa nzuri, jedwali lililojazwa, mradi uliopigwa picha, na watu wakauzunguka wakishangilia.

Habari ya Siba inatisha zaidi. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alilemaa miguu yote miwili baada ya kuangushwa na yaya wake alipokuwa na umri wa miaka mitano (2 Sam. 4:4). Daudi alimtoa Lo-debari akamketisha mezani pake, akamweka Siba kuwa msimamizi wa mashamba yake (sura ya 9). Huhubiriwa mara nyingi habari ya ile meza. Huhubiriwa mara chache yaliyofuata. Daudi alipokuwa akimkimbia Absalomu, Siba alikuja peke yake akasema kwamba bwana wake amebaki Yerusalemu akitamani ufalme. Daudi, pasipo kumsikia Mefiboshethi, akampa Siba mali yote (16:1–4). Katika sura ya 19 Mefiboshethi anasema mwenyewe: alitaka kutandika punda amfuate mfalme, mtumishi wake akamdanganya. Mfalme hakuirudisha hukumu yake yote. Aliigawanya tu ile mali.

Huo ndio msiba wa kusemewa. Aliyewekwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu akawa kinywa chake pekee, na mwenye mamlaka akatoa hukumu kwa taarifa ya msaidizi peke yake. Kila mtaalamu anayeandika katika jalada la mtoto kwamba "hafundishiki" anashika kalamu ya Siba. Kila ofisi inayopokea neno hilo bila kumwita mzazi, bila kumsikia mtoto, inaketi katika kiti cha Daudi siku ile. Mtoto wa Chanika aliyeandikwa hivyo akiwa na miaka saba hana punda wa kupanda kumfuata mfalme. Atarudi nyumbani, na atachunga mbuzi mpaka uzee.

Urithi wetu wa Kilutheri

Walutheri hatuwezi kulisema jambo hili bila kuutazama urithi wetu, na urithi huo una pande mbili. Katika mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wanafunzi wake, Luther anatajwa akisema juu ya mtoto mmoja wa Dessau maneno ya kutisha, kwamba angalitupwa mtoni, kwa kuwa alimdhania kuwa mwili usio na roho. Maneno hayo hayafai kufichwa wala kutetewa. Luther huyo huyo, mwaka 1520, alipoandika juu ya Agano Jipya na misa, alisema kwamba bubu na viziwi wasinyimwe meza ya Bwana. Kati ya Luther hao wawili tunapaswa kuchagua, na uchaguzi unaonekana katika vyumba vyetu vya kipaimara kuliko katika vitabu vyetu. Usharika unaomzuia kijana mwenye ulemavu wa akili asibarikiwe kwa sababu hawezi kukariri Katekisimo, umeamua tayari.

Kuna jambo jingine katika historia yetu linalogusa moja kwa moja habari ya mtaalamu anayezunguka. Katika miaka ya 1527 hadi 1529 wakaguzi walitumwa katika sharika za Saksonia kuona hali ya mafundisho. Luther alishiriki katika ukaguzi huo, na aliyoyaona yalimhuzunisha: watu vijijini hawakujua lolote la imani, na wachungaji wengi hawakuweza kufundisha. Angaliweza kuishia kuandika taarifa, au kuomba wakaguzi wengi zaidi. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, kitabu ambacho mchungaji asiye na elimu kubwa, na baba wa nyumba asiye mchungaji kabisa, wangeweza kukitumia kila siku. Mkaguzi aliondoka, kitabu kikabaki mezani.

Hapo ndipo tunapopata kipimo tunachokitafuta. Mshauri wa elimu maalumu asipimwe kwa idadi ya shule alizozitembelea, wala kwa wingi wa watoto aliowapima. Apimwe kwa alichokiacha mkononi mwa mwalimu wa darasa: mazoezi ya wiki nne yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi, ubao wa herufi kubwa, orodha fupi ya ishara ambazo darasa zima linaweza kujifunza, jina la mzazi mwenzake aliyepita njia ile ile. Mwongozo wa Salamanca ulisema msaada ufike shuleni. Sisi tunaongeza kwamba msaada ubaki shuleni baada ya mtaalamu kuondoka.

Wajibu wa Kanisa

Katika nchi yetu, makanisa ndiyo yaliyoanza. Shule ya kwanza ya wasioona ilifunguliwa na Waanglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na mwaka huo huo Walutheri wakafungua Irente. Mwaka 2005 Irente ikaongezewa shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mwaka 2007 kilianzishwa huko Magamba, Lushoto, chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, na elimu maalumu ikawekwa mbele kati ya masomo yake. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ambayo Handeni imo ndani yake, haiwezi kusema kwamba jambo hili ni geni kwake.

Lakini kuanza si kumaliza. Wapo wasemao kwamba Kanisa limekwisha kufanya sehemu yake kwa kujenga shule hizo, na kwamba shule za msingi za Chanika ni mali ya halmashauri, kwa hiyo watoto wake ni kazi ya halmashauri. Hoja hii ina ukweli wake. Serikali ndiyo yenye walimu, kodi na sheria, na Kanisa halipaswi kuibebea wajibu wake hata ikasahau kwamba ni wake. Afisa elimu maalumu wa halmashauri anapokosa mafuta ya pikipiki, dawa ni bajeti ya halmashauri, wala si sadaka ya Jumapili.

Pamoja na hayo, kuna mambo ambayo serikali haiwezi kuyafanya kwa wepesi, nasi tunayaweza. La kwanza ni kumpata mtoto. Mwalimu humwona mtoto aliyeandikishwa. Mwinjilisti wa mtaa na mzee wa kanisa huingia katika nyumba ambamo yumo mtoto asiyeandikishwa, aliyefichwa chumba cha uani kwa hofu au aibu. La pili ni neno. Lugha yetu imewaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli moja na kiti na kikapu, na Biblia ya Union Version tuliyolelewa nayo inawaita hivyo. Hatuna haja ya kuifuta Biblia hiyo. Tuna haja ya mhubiri atakayesema "mtu asiyeona" anapoifafanua, na atakayekumbuka kwamba katika Yohana 9 wajuzi wote waliuliza maswali, na aliyeijua kweli alikuwa yule aliyeulizwa. La tatu ni kuzitumia shule zetu maalumu kama Salamanca ilivyotaka, kwa kuwatuma walimu wake chini Korogwe na Handeni kwa majuma yaliyopangwa, kwa makubaliano ya maandishi na halmashauri, ili mwalimu wa Chanika asipande Usambara kuutafuta ujuzi ambao dayosisi yake mwenyewe inao.

Kwa vyuo vyetu vya theolojia tunaongeza la nne. Mwanafunzi anayemaliza masomo ya uchungaji pasipo kufundishwa jinsi ya kumwandaa mtoto mwenye ulemavu wa akili kwa kipaimara, wala salamu na Sala ya Bwana kwa Lugha ya Alama, atafika mtaani akiwa kama yule mwalimu "aliyepangiwa kazi hiyo". Hatuwezi kuilaumu sheria kwa neno "au" iwapo mitaala yetu wenyewe imejaa neno hilo.

Hitimisho

Tumeona kwamba fundisho la Salamanca juu ya wataalamu washauri ni jema katika shabaha yake, kwa kuwa linautoa ujuzi nje ya ua na kuupeleka aliko mtoto. Tumeona pia kwamba linadhania wingi wa wataalamu tusio nao, linanyamazia siku zilizo kati ya ziara na ziara, na likitumiwa bila kupambanua huwaumiza watoto viziwi kwa jina la kuwajumuisha. Sheria yetu imelipokea, lakini imeacha mlango ambao asiye na ujuzi aweza kupita. Maandiko Matakatifu yametupa Haruni awe kielelezo, na Siba awe onyo. Historia yetu imetupa mkaguzi aliyeacha kitabu.

Mkakati wa taifa wa elimu jumuishi ulipangiwa kufika mwaka wa fedha 2025/26, na baada yake huhitajika mwingine. Wakati wa kuuandaa, makanisa huombwa maoni, na mara nyingi hujibu kwa barua ya kuunga mkono. Tunashauri safari hii maoni yawe na mambo mawili tu: kwamba neno "au" katika kifungu cha 27 liwekewe muda, ili mwalimu aliyepangiwa kazi lazima afundishwe kabla ya mwaka kwisha, na kwamba taarifa ya kila ziara ya mtaalamu isainiwe na mwalimu wa darasa na mzazi, wakieleza kwa maneno yao ni kitu gani kimebaki shuleni. Mengine yanaweza kungoja. Hayo mawili mtoto wa Chanika hawezi kuyangoja, kwa sababu darasa la kwanza hupitiwa mara moja tu.